Vyungu vya Sanga katika Darasa la Tano

Lubumbashi, 14 Oktoba 1996

Maman Tamar, mwalimu wangu,

Umeamkaje? Na goti lako, linakusumbua bado mvua zikianza? Na darasa la tano, paa bado linavuja pale juu ya dirisha, au wazazi wamepata bati? Unaona sijasahau: ulitufundisha kwamba barua inayoanza kwa kuomba ni barua ya mtu asiye na adabu. Basi nimekujulia hali kwanza, na ombi linafuata nyuma.

Ombi lenyewe ni zuri. Hapa makumbusho nimepewa kazi mpya, kupeleka historia mashuleni. Watoto wa Kamina hawana njia ya kuja Lubumbashi kutazama vyungu vya mababu zao nyuma ya kioo, kwa hiyo vyungu vitapanda treni viwafuate. Niliomba shule ya kwanza iwe ya kwako. Mkuu wetu akaniuliza sababu, nikamwambia ni pale nilipochapwa kwa kutojua mto Lualaba unapita wapi.

Ndani ya sanduku utakuta vyungu kumi na viwili vya Sanga, kama vile vilivyochimbwa makaburini kando ya ziwa Kisale, vya watu waliokufa zaidi ya miaka mia nane iliyopita. Usishtuke: vile halisi vinabaki hapa. Vyako ni nakala, alizifinyanga mama mmoja wa hapa, na amezifinyanga vizuri mno. Waache watoto washike, wabebe kichwani, watie maji. Ndiyo maana yake.

Mkuu ameniambia wazi: sanduku hili likienda na kurudi salama, mengine yatakwenda Luena, Kabongo, hadi Sanga penyewe. Likienda vibaya, kazi hii itafungwa, nami nitarudi kuuza chumvi na shangazi yangu Hawa pale sokoni kwenu.

Mwanafunzi wako,
Moustapha Sudi


Kamina, 3 Novemba 1996

Mwanangu Moustapha,

Barua yako nimeipa tisa kwa kumi. Ile moja nimekata kwa sababu ulichapwa kwa kupiga kelele, si kwa Lualaba. Goti linauma. Paa linavuja.

Sanduku limefika, lakini nusura lirudi na treni ileile. Unamjua Papa Zébédée Kapenda, karani wa stesheni, shemasi wetu, baba ya Shekina wa darasa langu. Alisoma karatasi iliyobandikwa juu, akaona neno Sanga, akakalia sanduku palepale treni iliposimama. "Bintu ya kaburi haiingie mu masomo ya batoto!" alipiga kelele. "Bantu benye balikufa habachezewe!" Kesho yake ua wa shule ulijaa wazazi, na kila mmoja alikuwa na mtoto aliyewahi kuota ndoto mbaya.

Nilisimama mbele yao wote. Nikasema: "Mu ile sanduku hamuna hata kintu kimoja kyenye kilitoka mu kaburi. Ni kopi. Minyi Tamar Kitwa nasema." Unajua hapa Kamina jina langu lina uzito gani, nimefundisha nusu ya wanaolipigia kelele. Wakaanza kutawanyika. Papa Zébédée akarudi stesheni, akaliachilia sanduku.

Ah, Moustapha, laiti ungekuwepo. Nilipanga vyungu juu ya meza, kile kikubwa chenye shingo ndefu mbele, na kile kidogo sana, cha mtoto, nikakiweka mkononi mwangu. Nikauliza: "Nani alitengeneza hivi?" Darasa zima: "Bazungu!" Kwao kila kitu kinachotoka makumbusho ni cha Wazungu. Nikawaambia, "Hapana. Bankambo benu, babu ya babu zenu, kule Kisale, zamani, mbele ya muzungu wa kwanza kufika huku." Wakasogea wote mezani. Kisha Shekina akauliza, "Madame, shee benyewe tulikuwa bantu ya akili hivi?" Nililia mbele ya watoto, sioni haya kukuambia.

Sasa wanavibeba kila siku. Asante, mwanangu.

Tamar Kitwa


Lubumbashi, 19 Novemba 1996

Shangazi Hawa,

Salaam aleikum. Nimekwisha, shangazi. Nakuandikia wewe kwa sababu siwezi kumwandikia mtu mwingine.

Kila nakala ina nukta nyekundu ya rangi chini ya kitako. Siku ile ya Oktoba vyungu halisi vilikuwa mezani vikingoja kupigwa picha, na nakala zilikuwa kwenye kabati. Treni ilikuwa imelala stesheni wiki nzima, ghafla wakasema inaondoka saa ileile. Nilikimbia, nikapakia vya mezani nikidhani ndizo nakala. Sikugeuza hata kimoja. Juzi mpiga picha alikuja. Nikatoa vile vilivyobaki nikaona nukta nyekundu, nikageuza kingine, nukta nyekundu, vyote nukta nyekundu. Vyungu vya kweli, vilivyotoka makaburini, viko Kamina, na watoto wanavitia maji kwa ruhusa yangu mwenyewe!

Maman Tamar ameapa mbele ya wazazi kwa jina lake. Nikimwambia, nimemvunjia heshima yake mjini. Nikimwambia Mkuu, kazi ya mashule inakufa leo. Nakuomba nenda shuleni kama mtu mwenye shida ya sanduku tu, ulichukue polepole, uliweke kwako mpaka treni ijayo. Usiseme kitu.

Mtoto wa kaka yako,
Moustapha


Lubumbashi, 19 Novemba 1996

Maman Tamar,

Vyungu vikoje? Naomba watoto wasivishike tena kwa sasa. Tumegundua kwamba rangi ya nakala si nzuri kwa ngozi ya watoto. Wasitie maji. Wasiweke kichwani. Tafadhali virudishe sandukuni na nyasi kavu pande zote, nyasi nyingi. Kile kidogo kikoje? Shangazi Hawa ataweza kupita kukuondolea mzigo huo.

Nakushukuru sana kwa heshima zote, mwalimu wangu mpendwa.

Moustapha


Kamina, 6 Desemba 1996

Mustafa mutoto ya kaka yangu,

Aleikum salaam. Minyi si mutu ya kuandika sana, utanisamehe. Nilienda ku masomo sawa ulisema. Nilibeba bwanaume bane benye nguvu, na matela yangu ya kulalia, sababu nilisema mu roho ile bintu inaweza kupasuka mu njia. Nilimwambia Madame Tamar, minyi iko na lazima ya sanduku ya kuweka bintu ya biashara. Akaangalia bale bwanaume. Akaangalia matela. Akaniuliza, "Mama Hawa, na matela ni ya nini?" Nikasema, ni ya kupumuzika, jua iko kali. Akacheka. Akasema sanduku haitoke mu masomo yake mpaka weye mwenyewe ukuje kuibeba. Akatupa maji ya kunywa, tukarudia na matela yetu juu ya kichwa, bantu ya soko yote banatuangalia.

Ile mwanamuke iko nguvu. Minyi sikusema kintu.

Bantu banasema vita iko kule Kivu na inakuja huku. Chumvi imepanda.

Shangazi yako Hawa


Kamina, 9 Desemba 1996

Mwanangu Moustapha,

Barua yako nimeipa mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za mwandiko.

Usijali kuhusu ngozi za watoto, ni ngumu. Tuko na habari njema: katika somo la jinsi wazee walivyopika, tumeponda majani ya mihogo tukapika sombe ndani ya kile chungu kikubwa. Moto wa kuni, chumvi ya shangazi yako, mafuta ya mawese. Iliiva vizuri ajabu. Watoto walikwangua mpaka chini kwa kijiko cha chuma. Juma lijalo naona tujaribu maharage, hayo yanataka moto mkali zaidi.

Kama kuna jambo ungependa kuniambia kuhusu hizi kopi, niambie. Nitangoja. Nilikungoja hivyo pia mwaka ule wa dirisha lililovunjika, na ulikuja mwenyewe.

Tamar Kitwa


Lubumbashi, 16 Februari 1997

Maman Tamar,

Goti lako linaendeleaje? Mvua imekuwa kubwa huku, nadhani na huko. Naomba Mungu uwe mzima, wewe na watoto wote.

Nimeanza barua hii mara nyingi, na mara nyingi nimeichoma. Tangu nisome habari ya sombe sijala sombe. Sasa wanasema Kalemie imeanguka na askari wa serikali wanarudi nyuma wakichukua kila kitu njiani, kwa hiyo sina tena nafasi ya kukuogopa wewe kuliko ninavyoviogopea vyungu. Ulivyo navyo si nakala, ni vyenyewe. Nakala zina nukta nyekundu chini, zako hazina. Nilikosea wakati wa kupakia, na nilipojua nikakudanganya kwa habari ya rangi, nikamtuma shangazi yangu na uongo mwingine.

Uliwaambia wazazi kwamba hakuna kitu cha kaburi, na umesema hivyo kwa sababu yangu. Hilo ndilo linaloniuma kushinda kazi. Kama wakikulaumu, wasomee barua hii, waone jina langu chini.

Ukiweza kuokoa hata kimoja, okoa kile kidogo cha mtoto. Ukishindwa, jiokoe wewe.

Mwanafunzi wako,
Moustapha Sudi


Luena, 2 Aprili 1997

Mustafa,

Minyi iko mu Luena, nilikimbia na mizigo kidogo. Mungu iko, niko muzima.

Basoda, askari ya serikali benye banakimbia, bamepita mu Kamina. Bamebeba milango, bamebeba mabati, hata kengele ya masomo. Nakwambia maneno mubaya, usikasirike na minyi. Ile sanduku ya makumbusho nimeiona na macho yangu ku barrière, pale basoda banafunga njia. Bibi ya musoda mumoja alikuwa anauzia mikate ndani yake. Na mbele ya masomo, mu njia, nyungu yote ilipasuka vipande vipande, bantu banakanyaga. Madame Tamar sikumuona. Nyumba yake ilikuwa wazi, hakuna muntu.

Pole, mutoto yangu. Pole sana.

Hawa


Lubumbashi, 20 Aprili 1997

Maman Tamar,

Sijui kama uko hai wa kusoma hii. Naituma na mtu wa reli anayejaribu kufika Kamina kwa magari na miguu.

Nimemwambia Mkuu kila kitu. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alikwenda akasimama mbele ya kabati tupu la kioo, la vyungu halisi, akasema kazi ya mashule imekwisha, na kwamba mimi nitabaki mpaka mwisho wa Juni kukabidhi funguo. Amesema haki.

Sikuulizi habari ya vyungu. Nakuuliza wewe uko wapi, umelala wapi, umekula nini, goti lako lilikubebaje katika kukimbia. Andika hata mstari mmoja. Unipe sifuri kwa kumi, lakini andika.

Moustapha


Kamina, Katanga, 25 Mei 1997

Mwanangu Moustapha,

Ndiyo, Katanga. Serikali mpya imekuja, nimefuta jina la mkoa, Shaba, kwenye ramani ya ubaoni, na Zaire nayo, chaki yenyewe imeniishia katika kuita nchi majina mapya.

Mimi ni mzima. Barua zako mbili, ya Februari na ya Aprili, zimenifikia siku moja mkononi mwa mtu wa reli. Zote mbili nimezipa kumi kwa kumi. Sijawahi kumpa mtu kumi, waulize wenzako. Sasa kaa chini.

Nilijua tangu Novemba. Ulianza barua na "Vyungu vikoje?" Wewe, mtoto niliyemfundisha mimi, hukuuliza goti, hukuuliza mvua! Nikasema moyoni, huyu amevunja dirisha tena. Halafu akaja shangazi yako na wanaume wanne na godoro. Moustapha, nani duniani analaza kopi kwenye godoro? Siku ileile niliviweka vyungu juu ya kabati langu la darasani, na hakuna mtoto aliyevigusa tena. Ile sombe tuliipika katika sufuria yangu ya alumini. Nilikuandikia vile kwa sababu nilikuwa na hasira, na nilitaka useme kwa kinywa chako. Kwamba hukula sombe miezi miwili, hapo nimefurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Lakini mimi nami nilinyamaza. Niliona aibu. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikasema hakuna kitu cha kaburi, na sasa vitu vya kaburi vilikuwa darasani, chumba kimoja na kitabu changu cha nyimbo. Niliogopa nikisema, watavitupa kwenye shimo na kuwatoa watoto shuleni. Basi nikafanya ninachojua, nikafundisha. Nilileta udongo wa kijito cha nyuma ya kanisa, nikawaambia watoto, "Kila mtu afinyange chake, aangalie vya bankambo kwa macho tu." Miezi miwili walifinyanga. Vya Shekina vilikuwa vimepinda kama mtu aliyekunywa, lakini shingo ilikuwa ile ile ya Sanga.

Machi tukasikia basoda wametoka kaskazini na wengine wanatoka Base, kambi ya jeshi, wanabeba milango. Jumapili, baada ya ibada, nikawaomba watu wasiende. Nikapanda ngazi ya kanisa na goti langu nikasema: "Ile siku niliwaambia ni kopi. Sikuyua. Ile nyungu ni ya kweli. Ilitoka mu makaburi ya Sanga, kwa bankambo. Minyi niliwaambia uongo, na basoda bako mu njia."

Papa Zébédée akasimama. Nikajua sasa ninasulubiwa. Akauliza, "Madame, ni bintu ya bankambo betu kabisa kabisa?" Nikasema, "Njo, kabisa kabisa." Akageuka kwa watu, akanigeukia mimi, na sauti yake ikawa ile ya stesheni: "Na weye uliacha bankambo mu masomo peke yao, bila mulinzi, mulango ya mbao, na basoda banakuja? Madame Tamar, weye ulisoma wapi?"

Moustapha, nimekemewa maishani, lakini sijawahi kukemewa nikashukuru Mungu namna ile. Yule mtu aliyekalia sanduku lisiingie ndiye aliyekuja wa kwanza kunyoosha mikono. Tulipofika darasani alichukua kile kikubwa. Wengine wakafuata, wale wale waliokuja na ndoto mbaya za watoto. Kila nyumba ikabeba chungu chake kama mtu anavyopewa mgeni wa kulala. Kile kidogo cha mtoto, kabla sijakitaja, Maman Salomé wa kanisani kwetu akasema, "Kile ya mutoto munipe minyi." Hakuna aliyembishia. Alizika binti yake mwaka jana, wote tulikuwepo.

Nikabaki na sanduku tupu. Nikaona basoda wakikuta sanduku la makumbusho tupu watauliza vilivyokuwemo viko wapi, na watauliza kwa kitako cha bunduki. Basi tukalijaza vyungu vya watoto, na nyasi nyingi, nyasi ulizoniomba. Walipofika walivunja mlango, wakalifungua kwa haraka wakidhani ni dhahabu, wakakuta udongo, wakavirusha njiani kimoja kimoja kwa hasira, wakaenda na sanduku. Hivyo ndivyo vipande alivyovilia shangazi yako. Tuliporudi kutoka mashambani tulikokimbilia, Shekina alisimama juu ya vipande akasema, "Madame, yangu njo ilipasuka ya kwanza. Unanipa ngapi?"

Nimempa kumi. Kwa hiyo nimetoa kumi mara tatu mwaka huu, naona nazeeka.

Vyungu vimerudi. Papa Zébédée alikuja kwa baiskeli, chungu kikubwa mgongoni mwake, kimeviringishwa ndani ya joho lake la kwaya, na yeye jasho linamtoka akikataa kusaidiwa. Wengine walileta ndani ya vikapu vya mihogo. Hakuna hata ufa mpya.

Kinakosekana kimoja. Maman Salomé alikimbilia upande wa Bukama kwa ndugu zake, na hakuna habari yake. Mwambie Mkuu wako kumi na kimoja.

Tamar Kitwa


Lubumbashi, 8 Juni 1997

Maman Tamar, mama yangu,

Goti? Mvua zimekwisha, nadhani limepumzika. Umekula? Umelala vizuri? Nitauliza hivi mpaka nife.

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa, halafu nimekwenda nje nikacheka peke yangu barabarani, mlinzi akadhani vita imenigeuza akili. Na jana nimekula sombe.

Nilimsomea Mkuu yote, hata godoro. Alicheka pale kwa godoro, na pale kwa Papa Zébédée akavua miwani. Lakini ni mtu wa sheria. Amesema: "Kumi na kimoja si kumi na viwili. Kile kidogo ndicho chungu cha mtoto pekee tulicho nacho. Kikipotea, sitoi sanduku jingine, hata nikipenda." Anakuja mwenyewe Kamina na treni ya kwanza, siku ya mwisho ya masomo, kuvipokea na kuhesabu. Nakuja naye. Hatima ya kazi nzima ya mashule, na yangu pia, iko kwenye mkono wa Maman Salomé, na hatujui kama yu hai. Kuna habari?

Mwanao,
Moustapha


Kamina, 29 Juni 1997

Mwanangu Moustapha,

Naandika upesi, mtu wa reli ananingoja mlangoni na anakunywa chai yangu polepole makusudi ili nimalize.

Maman Salomé amefika. Alhamisi, darasa la tano, katikati ya hesabu. Mlango hatuna, basi alisimama tu pale penye mlango, miguu imevimba, nguo imebadilika rangi kwa vumbi, na mgongoni amefunga kitambaa kama mama mwenye mtoto mchanga. Watoto wakasimama wote bila kuambiwa. Nikaweka chaki chini. Akafungua kitambaa taratibu, akatoa kile kidogo, kizima, akakiweka juu ya meza yangu.

Nilimwuliza amepitaje kwenye barrière zote zile, walikuwa wanapekua hata masufuria ya uji. Akasema, "Nilikibeba mu mugongo sawa mutoto. Ku kila barrière basoda banauliza, 'Ule mutoto analala?' Minyi nasema, 'Analala, musimwamushe.' Bananiachia njia." Kisha akasema, kwa sauti ndogo lakini darasa zima lilisikia: "Na kwa kweli analala, Madame. Analala miaka mingi. Minyi nilimubembeleza tu mu njia."

Hakuna aliyerudi kwenye hesabu siku ile. Nilimwomba akae kiti changu, akawafundisha watoto historia ya chungu kile tangu Sanga hadi mgongoni mwake, na hakuna kitabu cha makumbusho kinachoijua vile.

Vyungu ni kumi na viwili. Mwambie Mkuu ahesabu mara atakavyo, Papa Zébédée atakuwa amesimama karibu na kuhesabu naye. Stesheni nzima inapakwa chokaa kwa ajili yenu, na kwaya imefua majoho. Shangazi yako Hawa amerudi kutoka Luena, anasema atakuja kuwapokea na godoro lake, Mkuu asije akapasuka mu njia.

Jambo moja zito. Wazazi wamekaa mkutano na wamenituma nikuandikie. Wamesikia kwamba mwaka ujao mtatuletea zile nakala zenye nukta nyekundu, ili tusihangaike tena. Papa Zébédée alisimama tena, na safari hii hakuna aliyempinga. Haya ni maneno yake, nimeyaandika kama alivyoyasema: "Kopi mupelekee batoto ya Lubumbashi, bale habayue kuchunga. Hapa Kamina bankambo benyewe bakuje. Njia bameisha kuiyua."

Njoo, mwanangu. Ukishuka kwenye treni, usiangalie vyungu kwanza. Nisalimie.

Mwalimu wako,
Tamar Kitwa